Siri Iliyobandikwa Ukutani

Ipo siku moja, mwanangu, ambayo mpaka leo nikisikia harufu ya kakao inayochachuka ndani ya majani ya mgomba, inanirudia yote. Nitakusimulia. Wewe umeolewa na Gwakisa wangu, lakini sikuiti mkwe, nakuita mwanangu, na sababu yake utaisikia humu humu. Vumilia tu, maana mimi nikianza kusimulia huwa nazunguka, na goti likiniuma nazunguka zaidi.

Jumapili iliyopita baada ya ibada ulinikuta mezani. Uliviona vidonge vyangu vya presha vya asubuhi bado viko kwenye kisahani, na mchana ulikuwa umeshaingia. Ukaviangalia, ukaniangalia mimi, ukainamisha macho, ukaenda kuosha vyombo. Nilikuona. Usishtuke, sikulaumu. Nilijiona mwenyewe pale, nilivyokuwa miaka ile.

Nilikuwa na miaka ishirini na tisa. Nilikuwa nimesomea mambo ya dawa, kisha nikachukuliwa na ofisi moja ya hataza huko mjini, niwe mchunguzi wa maombi. Hataza ni hati anayopewa mtu aliyevumbua kitu, ili wengine wasimwige bila ruhusa yake kwa muda fulani. Watu wa hapa Katumba Songwe hawakuelewa kazi yenyewe ni ipi. Mjomba wangu wa Ikolo alikuwa anawatangazia watu kwamba mimi ni polisi wa dawa, na mimi kwa majivuno yangu sikumsahihisha.

Kazi ilikuwa hivi. Mtu analeta maombi, anasema nimevumbua dawa. Wewe unakaa na makaratasi yake na kujiuliza: hiki ni kipya kweli? Unatafuta kila kilichokwisha kuandikwa kuhusu jambo hilo, halafu unagawa mafungu mawili. Yale ambayo watu walikwisha kuyajua unayaweka huku. Yale mapya ya mwombaji unayaweka kule. Ukikosea kugawa, umeharibu kazi yote. Nami nilikuwa hodari wa kugawa, nakwambia! Bosi wangu, mama mmoja mkali asiyecheka ovyo, mafaili magumu alikuwa ananirushia mimi.

Mwaka ule akanipa ombi la kidonge kimoja kilichounganisha dawa ya presha na dawa ya kupunguza mafuta kwenye damu, ili kumpunguzia mtu hatari ya mshtuko wa moyo na kiharusi. Leo nakutajia kwa sababu lilishatangazwa zamani. Wakati ule lilikuwa bado limefungwa.

"Hili usilitaje hata kwa mumeo," bosi aliniambia, na kiapo nilikuwa nimekula siku ya kwanza kazini.

Nikalisoma wiki tatu. Katika ripoti yangu, kwenye lile fungu la mambo yaliyokwisha kujulikana, niliandika kwa mkono wangu huu kwamba dawa ya presha humsaidia mgonjwa akiinywa kila siku, hata siku ambayo haumwi popote, na kwamba kuikatiza kunamrudisha kwenye hatari. Niliandika haraka haraka, maana hilo halikuwa na ubishi. Kisha nikaomba likizo, nikaja huku kusaidia mavuno ya mpunga.

Sasa nikwambie habari za Tata Ambakisye, baba mkwe wangu, babu yake mumeo. Nyie wa siku hizi mnakaa sebuleni na baba mkwe mnaangalia mpira. Katika nyumba ile nilipoolewa, haikuwa hivyo. Ukimwona baba mkwe anakuja njiani unapisha pembeni kwenye migomba, unapiga magoti, unatazama chini. Ukiwa na neno lako, linapitia kwa mama mkwe. Nilikuwa na miaka sita ya ndoa na sijawahi kumwambia Tata kitu zaidi ya salamu ya chini chini. Nilimjua kwa kikohozi chake na kwa mlio wa viatu vyake vya mpira. Na nilimpenda, mwanangu, nisikufiche. Kila nilipokuja likizo, alileta mkungu mzima wa ndizi, akauacha mlangoni kwa jiko, akakohoa, akaondoka. Hiyo ndiyo ilikuwa karibu yangu.

Tata alikuwa na presha. Zahanati walimpa vidonge thelathini kwenye bahasha, vya mwezi mzima.

Alasiri moja niko jikoni, namenya ndizi za kupika, na nyuma ya jiko kakao inachachuka ndani ya majani ya mgomba. Jiko lilikuwa la mianzi, na kwenye nafasi za mianzi ukiinama kidogo unaiona baraza yote. Tata alikuwa amekaa na wenzake wanne, watu wa rika lake, waliochunga ng'ombe pamoja tangu utoto. Walikuwa wamemaliza samaki kwenye sinia moja. Kisha Tata akatoa bahasha ya zahanati mfukoni, akaifungua taratibu, akampa kila mmoja kidonge chake. Cha mwisho akameza yeye.

"Hiki kinanituliza kichwa kweli kweli," mmoja akasema.

"Meza, meza," Tata akamjibu. "Nile peke yangu, mimi mchawi?"

Wakacheka wote watano.

Usicheke nawe. Kwa watu wa rika lile, kula peke yako wenzako wakikutazama ni aibu ambayo mtu anaisikia mwilini. Tata hakuwa mjinga. Alikuwa mkarimu, na ukarimu wake ndio uliokuwa unamuua.

Kisu kilinisimama mkononi. Nikapiga hesabu: vidonge thelathini, watu watano, siku sita. Siku zote zilizobaki za mwezi Tata hana kitu. Na wale wanne, nani aliyewahi kuwapima? Nikajua kabisa kinachokuja, kwa sababu wiki tatu nzima nilikuwa sisomi kingine.

Halafu, mwanangu, nikaanza kujitetea. Nikajiambia, huyu ni baba mkwe, siwezi kumsemesha. Nikajiambia tena, haya ninayoyajua nimeyasoma kwenye faili lenye kiapo. Nikifungua mdomo nitavunja mila na kiapo kwa mkupuo mmoja. Nikaona nimepata pa kujificha pazuri, pana kuta mbili. Nikaendelea kumenya ndizi.

Kesho yake tuko shambani, mama mkwe wangu, ambaye kwa lugha ya kwetu tulimwita Juba, akanisogelea na mundu wake.

"Tusajigwe, wewe umesomea dawa," akasema. "Hizi za Tata zinaisha upesi mno. Au zahanati wanampa pungufu?"

Ona jinsi Mungu alivyonifungulia mlango! Mama mkwe mwenyewe ananiuliza. Hakukuwa na mila yoyote ya kunizuia kumjibu.

"Labda, Juba," nikasema. "Labda wanampa pungufu."

Nilidanganya, na nikawasingizia watu wa zahanati wasio na kosa lolote. Kisa? Niliogopa ataniuliza nimejuaje, nami nitalazimika kusema nilikuwa namchungulia baba mkwe kwenye mianzi. Basi. Aibu ya kuchungulia ndiyo niliyoipima na uhai wa mtu, nikaona aibu ni nzito zaidi. Mpaka leo nikiikumbuka ile "labda" yangu nataka kujizaba kofi.

Likizo ikaisha, nikarudi mjini. Siku moja nipo mezani ofisini, namalizia ripoti yangu ya kile kidonge, simu ikalia. Alikuwa shemeji yangu.

"Shemeji, Tata ameanguka," akasema. "Alikuwa anageuza kakao juani. Mdomo umekwenda upande, na mkono wa kulia hauinuki."

Ripoti ilikuwa wazi mbele yangu, na macho yangu yakatua palepale: akiinywa kila siku, hata siku ambayo haumwi popote. Mwandiko wangu. Nililia kwa sauti ofisini, bosi akaacha kila kitu akaja kunishika mabega.

Nilipofika nyumbani Tata alikuwa amekwisha kuruhusiwa kutoka hospitali. Nilimkuta Juba jikoni, nikapiga magoti kwenye majivu, nikamwambia yote: mianzi, bahasha, na ule uongo wa shambani. Aliinuka akaingia ndani, akakaa huko kitambo. Aliporudi, macho yake yalikuwa mekundu.

"Anakuita," akasema.

"Mimi?"

"Wewe. Uingie mpaka kitandani."

Nikaingia, nikapiga magoti, nikatazama mkeka. Tata alizungumza polepole, maneno yakimtoka upande mmoja wa mdomo, na Juba akimfuta kwa kitambaa.

"Nesi aliniambia kimoja kila siku," akasema. "Hakuna aliyeniambia nisiwape wenzangu. Wewe ulijua?"

"Nilijua, Tata."

"Mbona hukusema?"

"Niliogopa mila. Na kazini nimeapa kutunza siri."

Akafumba macho, nikadhani amechoka. Kumbe alikuwa anafikiri.

"Hiyo siri," akauliza, "mganga wa zahanati anaijua?"

"Anaijua, Tata."

"Na nesi?"

"Anaijua."

Hapo ndipo nilipokumbuka karatasi kubwa pale zahanati, kando ya dirisha la dawa. Ina picha ya mzee ameshika kikombe cha maji, na chini yake maneno manene kwamba dawa ya presha ni ya kila siku, na ni ya aliyeandikiwa peke yake. Nilipita mbele yake mara ngapi! Tata macho yake hayakuwa yanaona maandishi. Yangu yalikuwa mazima.

"Imebandikwa ukutani, Tata," nikasema.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akaniwekea kichwani.

"Basi si siri, mwanangu," akasema. "Uliogopa tu."

Miaka sita alikuwa hajawahi kuniita jina lolote, na siku ile, na mdomo wake ulioharibika, akaniita mwanangu. Hakunifokea. Angenifokea ningeweza kujitetea, lakini mkono ule juu ya kichwa changu ulinivua utetezi wote. Mimi, hodari wa kugawa kinachojulikana na kipya, nilishindwa kugawa nyumbani kwangu. Nililichukua jambo lililobandikwa ukutani, nikalitia kwenye fungu la siri, nikalikalia.

Wiki ile ile Tata aliwaita wenzake wanne barazani, akaniamuru nisimame mbele yao niwaeleze. Mkwe, mwanamke, mbele ya wazee watano! Nilitetemeka, lakini nilisema. Wote wanne wakaenda kupimwa. Wawili wakakutwa na presha, wakapewa vyao. Wawili wakaambiwa ni wazima, wakarudi wamenuna kweli, eti wametengwa. Basi wakakubaliana hivi: kila asubuhi wanakutana barazani, kila mwenye presha na bahasha yake, wanameza pamoja, na wale wawili wazima wanakunywa maji matupu ili mtu asimeze peke yake. Ukarimu wao haukupungua hata kidogo.

Mkono wa kulia wa Tata haukurudi. Aliishi miaka tisa mingine, na mumeo akiwa mtoto Tata alimbeba kwa mkono wa kushoto. Mkungu mzima hakuweza tena kuubeba. Alikuwa analeta chane moja ya ndizi, anaiweka mlangoni kwa jiko, anakohoa. Nami nilikuwa natoka kumshukuru kwa sauti: "Ndaga fijo, Tata!" Naye anacheka.

Kuhusu lile ombi, ripoti yangu niliimaliza vizuri na bosi akaipokea. Yaliyokuwa kwenye fungu la pili, yale mapya, sikumtajia mtu mpaka yalipotangazwa. Hiyo ndiyo ilikuwa siri yangu halali.

Sasa sikia ninalokuusia. Wewe kazi yako ni maabara, na majibu ya wagonjwa ni siri; yatunze, hata mimi usinitajie. Lakini siku ukitaka kunyamaza wakati mtu wako anaelekea pabaya, jiulize kwanza kama hilo jambo ni siri kweli, au dunia nzima inalijua na wewe unaogopa tu. Kama ni heshima inakuzuia, tafuta wa kulipitisha: mama mkwe, nesi, mzee wa kanisa. Wakikosekana wote, sema mwenyewe, hata ukitetemeka. Na mtu akikuuliza, usimjibu "labda" wakati unajua.

Mungu akubariki, mwanangu. Akupe macho ya kuona na moyo usiojificha nyuma ya adabu. Akulindie Gwakisa na watoto mtakaopata, na heshima unayonipa isiwe ukuta kati yetu. Na Jumapili ukija, ukikuta vidonge vyangu viko kwenye kisahani, usiende kuosha vyombo. Vaa sauti ya ukali, uniulize mimi ni mama wa aina gani, uniletee na maji. Nitanuna kidogo, halafu nitameza.