Aliyefufuka Sinemani

Juzi nilikuta ukumbi wa zamani wa sinema mjini Kisii umegeuzwa duka la magodoro, nikamkumbuka shangazi Moraa. Nilipokuwa mtoto, baba alitutuma humo ili shangazi, aliyekuwa amemzika mwanawe Ombati, achangamke kidogo.

Ukumbi ulinuka njugu na makoti yaliyolowa mvua. Kijana wa kwenye picha alipopigwa risasi, shangazi alisimama, mikono kichwani, akapiga mayowe ya msiba, kama tufanyavyo kwetu. Nilingoja wengine waitikie. Wakacheka.

Bawabu alimtoa nje. "Usilie, mama. Kesho atakuwa mzima. Huwa tunamfufua."

Sikujua kwamba mkanda hurudishwa mwanzo. Kesho yake tulirudi ukumbini, tukamwona kijana yule akitembea, akitabasamu. Shangazi hakungoja zaidi. Alimwendea bawabu mlangoni.

"Wangu hajakaa sana ardhini. Nimlete?"

"Mlete," bawabu alisema, akiwakonyeza wenzake. "Lakini awe hajaanza kunuka."

Tulirudi kijijini kwetu Nyakoe karibu tukikimbia. Shangazi hakuingia ndani. Alichukua jembe lililoegemea ukuta, akaelekea migombani, kwenye kaburi la Ombati.