Gathoni na Vifaranga Weusi

Gathoni alikuwa mjane, mchuma kahawa katika shamba moja nje ya Ruiru. Hakuwa mtu wa maneno mengi, na watu walidhani kimya chake ni upole. Walikosea.

Mwaka wa 1956 tulikuwa tumehamishiwa katika kijiji cha Hali ya Hatari, wakati wa vita vya Mau Mau, nyumba zimebanana, kuku wa huyu wakidonoa mlangoni kwa yule. Gathoni alikuwa na kuku mmoja mweusi na jogoo mweupe wa kizungu aliyempata kwa kubadilishana na debe la viazi. Vifaranga wao wote walitoka weupe kama baba yao. Kisha kideri, ugonjwa wa kuku, kikapita kijijini, kikaua jogoo na yule kuku mweusi. Wale weupe wakakua, wakazaana wao kwa wao. Katika uanguaji wa kwanza, vifaranga watatu walitoka weusi kama masizi.

Jirani yake, Gachanja, alikuwa mzee wa kanisa, na kuku wake wote walikuwa weusi. Siku hizo mayai yake yalikuwa yakipotea. Alipowaona wale watatu, hakuuliza. Alikwenda moja kwa moja kwenye baraza la wazee wa kanisa.

"Mweupe kwa mweupe huzaa mweupe," alisema. "Huyu mama ameiba mayai yangu, akayaatamisha kwa kuku wake."

"Naapa sikuiba," Gathoni alisema.

"Basi Roho Mtakatifu ndiye aliyewapaka rangi?"

Wazee wakacheka. Ndicho kicheko ambacho Gathoni hakukisamehe kamwe. Alitengwa na Meza ya Bwana, akaamriwa kumpa Gachanja vifaranga wale, pamoja na jogoo na tembe weupe kuwa faini. Wale watatu Gachanja aliwala Pasaka. Wale weupe aliwapenda mno, hata akawauza weusi wake wote sokoni Thika.

Kisimani wanawake walianza kumwita Gathoni "mama wa mayai." Alichokitaka ni kimoja tu: jina lake lisafishwe palepale lilipochafuliwa, na kwa kinywa kilekile.

Mwezi wa Agosti bintiye Wamboi alikuja kumtembelea na binti yake wa pili, ambaye kwa desturi yetu alikuwa amepewa jina la nyanya yake mzaa mama. Mtoto alipocheka, Gathoni aliona mwanya wa meno yake mwenyewe, mwanya ambao Wamboi hana.

"Hii mwanya ulitoa wapi, kajina?" alimuuliza huyo wajina wake.

"Ai, mama," Wamboi alisema, "si ni yako? Iliniruka, ikaenda kwake."

Gathoni aliwatazama kuku wake weupe. Nao walikuwa wamembeba mama yao mweusi ndani bila kumwonyesha. Na jogoo na tembe walioko kwa Gachanja walikuwa ndugu zao wa tumbo moja.

Hakumwambia mtu. Sasa Gachanja hakuwa na kuku mweusi hata mmoja, naye Gathoni akanunua tembe mweusi, akamfunga kamba mlangoni, mahali ambapo kila mpita njia angemwona. Kisha akangoja.

Kuku wa Gachanja alipoangua, wawili walikuwa weusi. Gathoni alikwenda kwenye baraza lilelile.

"Wazee, mweupe kwa mweupe huzaa nini?"

"Mweupe," walijibu. Wangejibu nini kingine?

"Basi mwulizeni Mzee Gachanja mayai yangu aliyatoa wapi."

Gachanja alisimama. "Naapa mbele za Mungu, sijagusa yai la mtu!"

"Hata mimi niliapa."

"Mama, wewe unajua sikuiba!"

"Najua," Gathoni alisema. "Na sababu ya weusi wale naijua. Lakini leo sitaitaja. Wazee waamue kwa sheria yao: ama sisi wawili ni wezi, ama hakuna mwizi. Na kama hakuna mwizi, aliyenipa jina hilo alivue yeye, kanisani, mbele ya watu wote."

Safari hii hakuna aliyecheka.

Jumapili Gachanja alisimama mbele ya ushirika. "Gathoni hakuiba," alisema. "Nilimsingizia." Kisha akashuka, akamnyoshea mkono. Gathoni aliutazama mkono ule, wala hakuupokea.

Wapo waliomlaumu, wakisema Mkristo husamehe. Mimi nasema Gachanja hakuomba msamaha. Aliomba mkono tu. Anayemwua mtu kwa ulimi asitarajie kufarijiwa na maiti.

Baadaye ibada iliendelea, Gathoni akiwa amerudishwa kwenye Meza ya Bwana, na zamu ya kupitisha mkate ilikuwa ya Gachanja. Alipofika kwenye benchi la Gathoni, alimnyoshea sahani. Gathoni alichukua kipande chake, akakitafuna polepole, huku akimkazia macho mpaka mzee yule akainamisha kichwa.