Walitaka nimchore Enkai kama shetani wa game, nikakataa

Wakuu, hamjambo popote mlipo. Hii stori ni yangu mwenyewe, imenipata hapa Kitengela, na sijaongeza chumvi. Majina tu ndiyo nimebadilisha.

Mimi ni mchoraji. Nachora wahusika wa video games kwa computer, niko nyumbani, nafanyia kazi studio moja ya ng'ambo. Kwetu ni Vihiga lakini nimeolewa na Mmaasai, Lemayian, mtu wa Kisaju. Mama yake namwita Yeyo, yaani mama kwa Kimaa.

Sasa, kabla sijaendelea.

Mnajua hizi franchise kubwa za fantasy na superheroes zinaishi kwa kuazima. Mungu wa radi wa wazungu wa kaskazini amekuwa superhero. Miungu ya Wagiriki tumeijua kwa movies kuliko kwa kitabu chochote. Majoka, ndege wa moto, mwanamke wa nywele za nyoka, wote walikuwa hadithi za nyanya ya mtu fulani.

Mimi sina shida na hiyo. Hiyo ndiyo kitu ilinifanya nipende kuchora tangu niko shule. Nilikuwa najiuliza tu, sisi wetu wataitwa lini?

Basi wakaitwa.

Asubuhi moja nikapokea brief, yaani maelezo ya kazi, kutoka kwa Oskar, mzungu ambaye ndiye mkubwa wa wachoraji. Game mpya, sehemu ya mwisho iko Afrika Mashariki. Nikaruka kwa kiti. Nikasoma mpaka chini.

Boss wa mwisho, yaani adui mkuu wa game: pepo la ukame. Pembe, mafuvu shingoni, ngozi nyekundu. Mchezaji akishinda anamkata kichwa.

Jina: Enkai Nanyokie.

Wakuu, nilikaa nikiangalia hiyo screen kama mtu amemwagiwa maji.

Kwa wale hawajui, Wamaasai wanasema Enkai mweusi ndiye wa mvua na majani, na Enkai mwekundu, ndiye huyo Nanyokie, ni wa ukame na hasira. Lakini ni Mungu huyo huyo. Hata Biblia ya Kimaa inamwita Enkai. Jumapili kanisani Kisaju ndilo jina wanaimba. Yeyo akiamka asubuhi, kabla hajaongea na mtu yeyote, anaongea na Yeye.

Na mimi nimeambiwa nimchore akikatwa kichwa.

Lemayian alirudi jioni nikamwonyesha. Akasoma, akaenda akasimama kwa dirisha. Mimi ndio nilianza.

"Nikikataa wanaweza kunitoa. Mimi ndiye mgeni kwa hiyo team."

"Wakikutoa tutakunywa chai ya rangi," akasema. "Lakini hiyo usichore. Mama akisikia ni mkono wako..."

Hakumaliza. Hakukuwa na haja.

Kesho yake tukawa na mkutano wa online, team nzima. Nikaomba nafasi, nikasema hiyo character sitachora.

Oskar hakukasirika, niseme ukweli. Alishangaa.

"Tumeshatumia miungu ya kila mahali," akasema. "Ya kwetu pia. Hakuna aliyelalamika."

Nikamwambia, "Oskar, ya kwenu watu waliacha kuiomba zamani. Lakini Enkai, mama mkwe wangu amemwomba leo asubuhi. Amekuombea hata wewe, kwa sababu ndiwe unanipa kazi."

Hapo ndipo Priya akawasha camera. Priya ni mchoraji mwenzetu wa India, dada mpole, huwa hasemi kitu kwa mikutano. Akasema, "Kwa project iliyopita mlifanya mungu wa kike wa kwetu akawa mcheza densi wa baa. Mimi ndiye nilichora. Mpaka leo sijamwonyesha mama yangu hiyo game."

Wakuu, hiyo sauti yake sitaisahau.

Oskar akavua miwani, akafuta uso. Akasema sawa, huyo tumemtoa. "Lakini boss bado nahitaji. Niletee mwingine."

Hapo hata sikumuuliza mtu. Jumamosi nikabeba tablet mpaka Kisaju.

Yeyo alikuwa ameketi nje anashona shanga. "Takwenya," akanisalimia. "Iko," nikaitikia. Nikamweleza kazi yote, sikumficha hata lile jina. Alitikisa kichwa polepole, akauma uzi, akaendelea kushona. Kisha nikamuuliza, ukiwa mtoto, uliogopeshwa na nani?

Alicheka hadi shanga zikamwagika.

Akanipa zimwi la mawe. Nusu mtu, nusu jiwe, linakaa msituni. Mkuki hauliingii. Na halikukimbizi! Linakaa kando ya njia na mzigo wa kuni, linaita kwa sauti ya mtu amechoka: ndugu yangu, njoo unisaidie kujitwisha. Ukiwa na roho nzuri, ukienda, umeisha.

Hiyo ni kitu ya kutisha kuliko pembe zote za Oskar.

Nikachora hapo hapo. Yeyo akaangalia akakunja uso. "Hiyo ni kubwa bure. Ifanye mtu unaweza kuhurumia."

Nikafuta. Nikaanza tena. Alinirudisha mara nyingi kuliko Oskar amewahi.

Studio walipenda mpaka wakaomba sauti, na wakataka iwe Kimaa. Yeyo akaja Kitengela kurekodi, tukamweka ndani ya kabati ya nguo na blanketi juu ya mlango ili mwangwi usiingie. Aliita mara moja tu. Lemayian, mtu mzima na ndevu zake, alitoka nje ya chumba.

Game ilitoka. Watu wa nchi ambazo siwezi kutamka wanaandika kwamba hiyo sauti inawafuata hadi jikoni. Mwishoni majina yakipita, la Yeyo liko hapo: hadithi na sauti. Si "inspired by African folklore". Jina lake lote.

Tulimwonyesha kwa TV, wamama wa kanisa wamejaa sebuleni. Zimwi lilipoita, wakapiga nduru, mmoja akamwaga chai kwa zulia. Yeyo akatulia kama mkuu wa wilaya, akasema:

"Waambie wazungu wako wakitaka lingine waje wabishe hodi. Niko nayo mengi."

Nilijivuna, wakuu. Mpaka leo nikipita Kisaju natembea kama barabara ni yangu.

Nilichojifunza: kuazima si wizi. Hadithi zimekuwa zikitembea tangu zamani. Lakini kabla hujamvisha mungu wa watu pembe, uliza kama kuna mtu bado anamwita asubuhi. Na sisi wenye hadithi, tuzitoe wenyewe, na majina yetu yaandikwe.

Haya, zamu yenu. Kwenu mlitishwa na nani? Mwageni hapo chini. Na kama nyanya yako bado yuko hai, toka kwa hii forum kwanza, mpigie simu umuulize.