Mageti Matatu ya Kaunti Yetu

Mwenzangu wa kitanda cha juu alisoma shule ya wasichana inayosifiwa kuliko zote katika kaunti yetu, na mpaka leo hajanisamehe kwa kutompeleka binti yangu huko. Tunaishi chumba kimoja International City, hapa Dubai. Yeye ni mhudumu wa mkahawa ulio barabara ya Al Rigga, mimi ni askari wa geti la nyuma la hoteli kwenye barabara hiyo hiyo. Ukimsifu kwa namna anavyotandika kitanda, atakutajia shule yake. Ukimuuliza mbona anakula mbio kama anayefukuzwa, atakutajia shule hiyo hiyo. Mimi nilisoma shule ya kutwa iliyokuwa na madirisha ya mbao, na sote wawili tunapanda basi moja kwenda kuitafuta metro. Nilipomkumbusha hilo alisema tofauti ipo, yeye analala juu.

Binti yangu alikuwa Gredi ya Tisa, wakati wa kuchagua sekondari pevu, ile miaka mitatu ya mwisho. Anaishi na mama yangu nyumbani. Nilitaka bweni, tena bweni lenye ukuta mrefu, kwa sababu mzazi aliye mbali huona hatari hata mahali pasipo na kitu. Shida ilikuwa moja: mtoto ana pumu. Vumbi likitimka au baridi ikizidi, kifua kinambana na pumzi zinaanza kupiga mluzi, na hapo anahitaji inhela yake upesi, si baadaye.

Huku wazazi wanalinganisha shule kama wanavyolinganisha simu. Nawasikia wageni wa hoteli wakingoja gari, huyu anasema shule ya wanawe imepewa alama hii na wakaguzi, yule anajibu yake imepanda. Mimi sikuwa na mkaguzi. Nilikuwa na mama yangu, na nilikuwa na kitu kimoja ninachokijua vizuri, nacho ni geti. Basi nikamwomba mama atembelee shule tatu za serikali katika kaunti yetu bila kutoa taarifa, kisha anieleze alivyopokewa getini. Alisema jua la Dubai limenipanda kichwani, lakini alivaa viatu vyake vya kanisani akaenda.

Shule ya kwanza ilikuwa hiyo ya mwenzangu. Geti jeusi la chuma, na askari mwenye kofia aliyechungulia kupitia kidirisha. Alimwambia mama arudi siku ya wazazi. Mama akasema ametoka mbali, anataka kutazama tu. Kidirisha kikafungwa, kwa adabu. Nilifurahi mno. Huyo ni askari, nikasema, huyo hata mimi ningemwajiri.

Ya pili, ya mseto kando ya barabara kuu, askari aliomba soda kwanza. Hiyo niliifuta papo hapo.

Ya tatu ni ya kutwa, nyuma ya soko letu, mwendo mfupi kutoka kwa mama. Geti lake lilikuwa limening'inia kwa bawaba moja, halifungi wala halifunguki, na ndani mbuzi wa mtu alikuwa akila ua. Askari hakuna. Mama aliingia tu. Mwalimu mmoja akamwona, akamletea kiti, akamletea chai, akamwonyesha maabara. Alitoka akijua nani anafundisha nini na nani anamwoa nani Desemba.

"Mgeni njoo, mwenyeji apone," akasema kwa raha zake.

Nilikasirika. Nikamuuliza kama yeye ameingia hivyo, mwizi naye je? Akanijibu kwamba mwizi naye angepewa chai, na huenda angeacha wizi.

Tukaweka ile ya geti jeusi kuwa chaguo la kwanza. Mwenzangu alisherehekea kana kwamba mtoto ni wake. Alipika chapati, akakaa ukingoni mwa kitanda changu akinisimulia nidhamu ya pale: kengele ya alfajiri, viatu vilivyopangwa mstari, wasichana wasiothubutu kuchelewa. Nikamuuliza kuhusu pumu.

"Usiwaandikie, dada," akasema. "Wakijua, nafasi itaenda kwa mwingine. Na dawa pia usijali, dawa zote zinakaa kwa nesi, chumba kinafungwa na kufuli. Hakuna mtu kucheza na dawa pale."

Alilisema kwa fahari nami nililipokea kwa fahari. Mama nilipomweleza alinitupia methali yake, mficha maradhi kifo humfichua. Nikamwambia asituletee mkosi.

Siku chache baadaye nilikuwa zamu ya mchana. Baba mmoja, mgeni wa hoteli, alitokea mlango wa nyuma amembeba msichana wa rika la wangu, na kabla sijamwona nilisikia ule mluzi. Naujua ule mluzi hata nikiwa usingizini. Nyuma yangu gari lilikuwa limekwama mbele ya kizuizi, dereva akinionyesha kibali kilichokwisha muda, na kwa kawaida hapo mimi ni jiwe. Siku hiyo nilikiinua kizuizi bila kutazama kibali cha mtu, nikamwambia dereva yalla, haraka, wachukue, kliniki iko kona ile. Akawachukua. Msimamizi wangu alipokuja nilijitayarisha kugombezwa. Alisikiliza, akatikisa kichwa, akasema khalas, yamekwisha, nimefanya vizuri.

Nilirudi kusimama mahali pangu, nikakitazama kile kizuizi. Nilikuwa nimeyapa mageti alama kwa namna yanavyofunga. Sikuuliza hata mara moja yanafunguka vipi, na kwa nani, siku mtoto anapokosa pumzi. Mama yangu alifika geti jeusi na viatu vya kanisani akafungiwa kidirisha. Je, angefika anahema, na kanga begani, angefunguliwa? Na nesi akiwa ameenda kwao na ufunguo? Niliogopa, naandika wazi, niliogopa kuliko siku niliyopanda ndege kuja huku.

Nikiwa kwenye mapumziko nilipiga simu nyumbani. Muda wa kubadilisha machaguo ulikuwa bado haujafungwa. Nilimwambia binti yangu tuweke ile ya kutwa iwe ya kwanza, na nikaanza kumbembeleza, nikijua shule ile nyingine ina sare nzuri na basi lenye jina ubavuni. Alinikatiza.

"Mama, mimi nilikuwa naogopa kulala mahali dawa yangu iko chumba kingine. Sikutaka kukuvunja moyo."

Basi, nikaacha kubembeleza. Tukabadilisha, na safari hii pumu tukaitaja.

Matokeo ya nafasi yalipotoka tulikuwa tumeshikilia roho mkononi, maana kompyuta ndiyo inayopanga na haimjui mtu. Ikampa shule ya kutwa. Majirani walikuja kumpa mama pole. Mama aliwakaribisha, akawapa uji, akawaacha wamalize kusikitika. Huku mwenzangu alipanda kitandani kwake akageukia ukutani, na mimi nikalala usingizi mzuri sana.

Muhula wa kwanza, siku ya upepo, vumbi lilitimka uwanjani. Simu zetu askari hukaa kabatini wakati wa zamu, kwa hiyo mimi nilipata habari jambo likiwa limekwisha kupita. Nilikuta ujumbe wa sauti. Niliusikiliza nikiwa nimesimama, mkono mmoja ukiwa bado kwenye kufuli la kabati.

"Mama, kifua kilinibana lakini kimeachia. Inhela ilikuwa mfukoni. Mwalimu alinishika mgongo, akatuma mtu kwa nyanya, na nyanya amekuja mbio. Sasa hivi anakunywa chai na walimu."

Nyuma ya sauti yake nilimsikia mama akiomba sukari. Nilikaa chini sakafuni nikacheka na kulia pamoja, na Mganda mmoja wa zamu ya jioni akaniletea maji akidhani nimefiwa. Nikamwambia hapana, nimezaliwa upya.

Jioni nilizungumza na mama. Nilimuuliza aliingiaje upesi hivyo, naye akanishangaa, aliingia kama siku ile ya kwanza. Kisha akanipa habari za shule: wazazi wamekutana, na mojawapo ya mambo waliyokubaliana ni kulitengeneza lile geti, liwe na bawaba mpya na kufuli.

Mimi, ninayelipwa mshahara kila mwezi kwa kufunga geti, nikamwambia, "Mama, waombe waliache kwanza."

"Mpaka lini?"

"Mpaka amalize shule."