Kyakimwa na fimbo ya kuhesabu batu

Kyakimwa alizaliwa ku Kipese, kule juu kwenye baridi, kwa batu ba kulima biazi. Polio ilimukamata mbele aanze kuongea muzuri. Miguu yote mbili ikakauka. Wageni bakifika ku nyumba, alikuwa anabebwa na kupelekwa ku chumba ya nyuma penye banaweka mbegu, mulango unafungwa. Mama yake alisemaka si ubaya, ni haya. Kule ndani Kyakimwa alisikia baba yake anahesabia wageni batoto yake, jina kwa jina, na lake halimo.

Alikuja Butembo akiwa tayari musichana mukubwa, juu ya kamyo ya biazi. Kaka yake Kamate alimufunga kamba ku kiuno asianguke ku ma-virage, penye barabara inapinda. Kamate alipata kazi ku garage, na kwa vipande vya chuma vyenye batu balitupa alimuchomea kinga, baiskeli ya mipira tatu, ya kuzungusha na mikono. Haikuwa muzuri kuangalia. Ilikuwa inapiga kelele mpaka imbwa inakimbia. Lakini siku ile ya kwanza Kyakimwa alitoka ku lupango, ndani ya uzio ya nyumba yabo, peke yake, na hakurudi mpaka jioni. Kamate alimutafuta ku mutaa yabo ya Mususa muzima na hasira. Alimukuta anaongea na bamama benye kupika sabuni ya mawese. Kesho yake alirudi kule, na sabuni ikakuwa kazi yake.

Aliuzisha ku kasoko kamoja ka Mususa. Lazima nieleze ile soko, kama hapana hautaelewa kitu. Iko ku mutelemuko. Mulango iko juu, ku barabara. Chini kabisa kuko kamugezi na matope. Kinga inaweza kushuka chini bila shida. Kupanda, hapana. Kwa hiyo Kyakimwa alikaa ku mulango, na hakuna mutu alimusumbua, juu wakati ile alikuwa peke yake.

Ilikuwa myaka ya rébellion, ya vita ya waasi. Kinshasa ilikuwa kitu ya ku radio tu. Ku Butembo na ku Beni basoda balikuwa banabadirika, leo hawa, kesho bale, na kila kikundi na taxe yake ya kulipisha batu. Lakini soko ilikuwa na sheria yake yenyewe. Kila mwisho wa mwaka, siku ya Mungu, kisha misa, bachuuzi banachagula président wa comité. Karatasi hakuna. Banaopenda kuwa président banasimama mbele, na kila muchuuzi anajipanga ku mustari nyuma ya mutu wake. Muzee Jacob, mwalimu wa zamani, anapita na fimbo yake, anagusa kila mutu ku bega, anahesabu kwa sauti. Bega yenye imeguswa njo kura.

Mwaka ile Phinées wa misumari na mabati alikuwa anapambana na Vagheni wa samaki. Kyakimwa alijipanga kwa Vagheni, na rafiki yake Agar, muchuuzi wa tomati, alikuwa anamusukuma kwa sababu chini ilikuwa matope. Jacob akafika. Akagusa Agar ku bega. Akapita.

"Muzee!" Kyakimwa akasema. "Na miye?"

"Nimekwisha kukuhesabu. Uko pamoja na mwenye kukusukuma."

"Agar anauzisha tomati. Miye nauzisha sabuni. Tuko wawili."

"Mama, usinivuruge. Nitasahau mahali nilifika."

Batu bakacheka. Kuko mutu alisema, "Basi na kinga yake ihesabiwe!" Bakacheka tena. Phinées akashinda.

Miezi kidogo kisha, risasi ikapigwa, saa sita ya muchana, soko imejaa. Basoda na mai-mai, bapiganaji ba vijijini, balikutana ku barabara ya chini. Soko muzima ikakimbilia juu, ku mulango. Kyakimwa alikuwa pale pale karibu, akazungusha kinga, akaponyoka na ba kwanza. Lakini chini, karibu na kamugezi, kulikuwa muzee mumoja wa kuuzisha tumbaku, mwenye kutambaa. Risasi hapana kumugusa. Ni batu njo balimukanyaga. Balimuzika siku ya pili na comité ilileta maua.

Kisha mazishi Kyakimwa alishuka chini, Agar anashika kinga nyuma isikimbie, akaambia Bilali na Sikuli bapande bakae naye ku mulango. Sikuli alikuwa kipofu, anauzisha biberiti. Bilali alikuwa mwislamu wa Beni, zamani convoyeur, musaidizi wa dereva wa kamyo, mine, bomu ya kufukiwa ndani ya udongo, ilimukata muguu moja ku barabara ya Kasindi. Sasa alikuwa anatengeneza viatu na kuuzisha ya zamani. Alipendaka kusema, "Miye nikinunua paire ya viatu, nusu ni faida."

Wakapanda. Wengine wakafuata. Phinées akakasirika, juu alitaka ule mulango kwa kamyo za kushusha mabati. Aliita bachuuzi bote akasema, "Bilema banafunga njia. Mukinichagula tena, hii mwaka ikiisha, bote batarudi chini. Chini kuko mafasi mingi."

Kuko mafasi, ni kweli. Ya kufa.

Bilali akataka kuita kamanda mumoja wa Beni mwenye alikuwa anamujua tangu kazi ya kamyo. "Anakuja na basoda bane, Phinées anajikojolea, mambo inaisha."

"Ukileta bunduki leo," Kyakimwa akasema, "kesho bunduki itataka mulango. Utaiambia nini?"

"Sasa weye unataka nini, Mama Sabuni?"

"Nataka tukuwe wengi ku mustari."

"Wengi! Tuko mukono moja, na vidole ingine imekatika."

"Wako ku manyumba. Miye nilikuwa ku nyumba. Najua mahali banabawekaka."

Akaanza kuzunguka Mususa na ile kinga yake ya kelele, lupango kwa lupango. Sheria ya soko ilisema kura ni ya muchuuzi, na muchuuzi ni mutu mwenye anauzisha ku soko miezi tatu. Kwa hiyo alikuwa anabeba sabuni ya kuanzisha mutu. Ku malango mingi balimufukuza. Kwa Mama Orpa alirudi mara na mara.

"Natafuta mudogo wako, Syauswa."

"Hayuko."

"Namusikia anakohoa."

"Ni mbuzi."

Mule ndani sauti ya mudogo wake ikatoka, "Yaya, mbuzi njo miye?"

"Nyamaza!"

"Niko na ndevu, Yaya, na unaniambia ninyamaze."

Orpa akaanza kulia, palepale ku mulango, na sahani ya sombe, majani ya muhogo, ku mukono. "Mama Kyakimwa, batamucheka. Haumuone namna miguu iko."

"Batamucheka. Miye banichekaka kila siku, kisha banatoa makuta, bananunua sabuni. Afazali wamucheke kuliko bamusahau."

Syauswa alitoka ku siku ya tatu, Orpa amemubeba ku mugongo, kikwembe imemufunika kichwa. Kufika ku soko akaitoa ile kikwembe, akaangalia batu mpaka batu baliangalia ingine upande. Kumbe ulimi yake ilikuwa mukali. Alikuwa anauzisha sabuni kuliko Kyakimwa mwenyewe, juu alitukana batu mpaka bananunua.

Ilipofika mwisho wa mwaka, mulango ilikuwa imejaa. Vagheni aliona. Alikuja usiku ukikaribia, akasema kwa sauti ya chini, "Mama, munipatie ule mustari wenu, mulango itabakia yenu."

"Hapana hapa. Kesho, mbele ya bamama ba samaki. Na sauti kubwa."

"Bamama ba samaki bataniuliza kamyo yabo itaingilia wapi."

"Basi ubajibu."

Akasema mbele yabo. Alitoka jasho, lakini akasema.

Ilibakia fimbo. Kyakimwa alienda kwa Muzee Jacob ku nyumba. Jacob hakuwa mutu mubaya. Alieleza kwamba fimbo inashikwaka ku urefu wa bega, mutu akiwa chini haimufikie, na yeye mugongo yake inauma, hawezi kuinama kwa kila mutu. Na mwenye kusukumwa, je, atajuaje kama amejipanga kwa mapenzi yake ama kwa mapenzi ya mwenye kumusukuma?

"Unaweza kumuuliza," Kyakimwa akasema.

Jacob akapapasa mugongo yake. Kisha akasema, "Mbele ya kuhesabu niulizaka kila mara kama batu wawili ba mbele banakubali namna ya kuhesabu. Kama uko na neno, lisemee pale. Bakikubali bote wawili, miye nafuata."

Siku ya Mungu ile mvua ilianza asubuhi, ikakatika wakati misa inaisha. Bachuuzi balitoka ku kanisa bakaja moja kwa moja. Upande wa Phinées njo kulikuwa bakubwa ba soko, ba mabati, ba bikwembe, ba radio: makoti, viatu ya kung'aa, bamama na bikwembe mupya ya wax. Upande wa Vagheni bamama ba samaki balikuwa na nguo ya kazi, juu samaki haingojaka misa. Na mbele yabo, chini, Kyakimwa na batu yake. Hakuna mutu alibasukuma. Balikuja mapema, bengine bakitambaa.

Jacob akapiga fimbo chini. "Phinées, Vagheni, munakubali namna ya kuhesabu?"

Kyakimwa akainua mukono. "Miye niko na neno. Mwaka jana fimbo ilipita juu ya kichwa yetu. Muzee hawezi kuinama. Basi bote bakae chini, fimbo itatufikia bote sawa."

Soko ikalipuka na kicheko.

"Mama Sabuni anataka tukuwe kama yeye!" Phinées akapayuka. Alikuwa anafurahi, anaangalia mustari yake murefu. "Vagheni, weye unasemaje?"

"Miye nakubali."

"Na miye nakubali! Bakae! Dakika mbili itatuua? Bakae, bahesabiwe, kisha bashuke chini kwa amani!"

"Imekubaliwa," Jacob akasema, na akapiga fimbo tena. Fimbo ikazama ndani ya matope.

Pale njo batu baliangalia chini.

Bamama ba samaki balikaa mara moja. Matope si kitu kwabo. Ku mustari ya Phinées batu bakashika nguo yabo. Wa kwanza nyuma yake alikuwa muke yake, Victoire, na wax yenye hata haijafuliwa mara moja.

"Victoire, kaa," Phinées akasema.

"Na hii kikwembe?"

"Kaa, nakwambia!"

"Kaa weye."

Bengine balitoa koti, bakalipatia jirani, bakakaa. Bengine balichutama, banashika suruali na vidole mbili. Jacob akapita: "Mwenye kuchutama simuhesabu. Matako iguse chini." Mwenye radio mumoja alijaribu, akateleza, akaanguka, na Jacob akamuhesabu. Lakini bengi balibakia kusimama, banaangaliana, kila mutu anangoja mwenzake achafuke wa kwanza. Jacob akabapita.

Akaja kwa Vagheni. Akagusa bamama. Akagusa Sikuli, akagusa Bilali. Fimbo ilipofika kwa Syauswa, Syauswa akapiga kelele, "Présent!" kama mutoto wa masomo. Akafika kwa Kyakimwa.

"Yule hapana!" mutu wa Phinées akasema. "Yule iko ku kiti! Ashuke kama bengine!"

Orpa, mwenye sasa naye aliuzisha pembeni ya mudogo wake, akasimama ili amusaidie. Kyakimwa akamuambia, "Kaa, utapoteza kura yako." Akashika chuma ya kinga, akajishusha na mikono, pole pole, mpaka ndani ya matope. Jacob alingoja. Kisha akamugusa ku bega, akasema hesabu yake, na kwa mara ya kwanza hesabu ile ilikuwa yake peke yake.

Vagheni alishinda, na haikuwa kwa kidogo.

"Hii ni mayele, ni ujanja!" Phinées akalalamika. "Turudilie, tukisimama!"

"Weye njo ulisema bakae," Jacob akamujibu. "Miye nafuata."

Bilali alieneza Butembo muzima kwamba Kyakimwa alikuwa amepanga mpaka na mvua. Mwenyewe alikataa. "Niliwaza bega tu," alisema. "Matope balijiletea na viatu yabo."

Mambo hapana kuishia pale. Siku ya kwanza ya soko, Vagheni alikuja ku mulango na uso ya mutu mwenye hakulala. Benye kamyo balikuwa bamemufuata mpaka kwake.

"Mama Kyakimwa, dada yangu. Ni kwa siku ya kamyo tu. Siku mbili ku juma, mushuke kidogo, kisha mupande."

"Kupanda na nini?"

"Tutatafuta batu ba kubasukuma."

"Na siku ya risasi, bale batu batakumbuka kusukuma?"

Vagheni akageuka, akaangalia kamyo.

"Mwaka inaishaka mbio, Président," Syauswa akasema pale chini, anakata sabuni. "Na siye matope hatuogope."

Vagheni akabaangalia bote, kutoka mwanzo wa mulango mpaka mwisho. Ilionekana anabahesabu. Kisha akaenda ku kamyo ya kwanza yenye ilikuwa inapiga honi, akaambia dereva ashushie ku barabara. Dereva alimutukana. Akashushia ku barabara.

Risasi ilipigwa tena mwaka yenye ilifuata, asubuhi, mbele maji ya bugali ichemke. Soko ikapanda ku mulango kama siku ile ingine. Batu ba Kyakimwa balikuwa bamekwisha kuvuka barabara: Sikuli anashika kinga nyuma na kusukuma, Kyakimwa anamuambia kushoto, kuume, Bilali anaruka na fimbo yake, Syauswa ku mugongo ya Orpa anatukana basoda. Hakuna mutu alikanyagwa. Sabuni yote ilibakia nyuma, ikabebwa na benye kuiba. Kyakimwa aliomba mawese ya deni kwa Agar, na kesho yake akapika ingine.