Kuku wa Kipaimara

Jirani yangu wa Kizwite anafuga kuku wa nyama nyuma ya nyumba. Baridi ya Juni ikikaza, vifaranga wake huota jiko la mkaa kabla yake. Siku ya kuchinja hamkimbizi kuku. Humpakata, akamfunika macho kwa kiganja kipana chenye harufu ya pumba, akamsemesha Kifipa taratibu. Jumamosi Coleta, mteja wake, alifika akihema, wageni wa kipaimara wakiwa wameshajaa kwake.

“Mama, nichinjie upesi, nimechelewa!”

“Subiri mwanangu, moyo unamwenda mbio huyu.”

Coleta akasonya. Jirani hakukasirika, alimwekea kuku mapajani, akamwonyesha pa kumshika, chini ya bawa. Wakasubiri. Kuku alipotulia, Coleta ndiye aliyenong’ona, “Sasa, mama.”