Rimoti Moja, Magari Tisa

Mudathir hakujaliwa kukaa kitako. Hata chai aliinywa akizunguka ua, kikombe mkono huu, bisibisi mkono ule, mpaka mkewe Chausiku akawa anamuuliza kama amekalia siafu. Lakini asubuhi ile ya Alhamisi, mwaka wa mvua zisizokatika, kuhangaika kwake kulikuwa na sababu. Aligeuza mifuko yote ya ovaroli, akakung'uta mkeka, akamwaga hata ndoo ya misumari. Rimoti haipo.

"Si ununue nyingine?" Chausiku akasema.

"Hujui usemalo, mama. Ile inafungua magari tisa!"

Naam, tisa. Mnaikumbuka miaka ile, magari yaliyotumika yalipoanza kumiminika kutoka Japani na Dubai, kila mwenye gari akataka alamu ya kupiga kelele. Pale Mtoni fundi wake alikuwa Mudathir. Kufundisha rimoti si kazi ngumu: unabonyeza kitufe kilichofichwa chini ya dashibodi, honi inalia mara moja, unabonyeza rimoti, gari limeshaijua. Shida ni kwamba gari halina wivu. Linakubali rimoti ya pili, na ya tatu. Na rimoti nayo haina haya, ukiifundisha magari tisa itayafungua yote.

Basi Mudathir kila alipofunga alamu aliingiza na rimoti yake mwenyewe, kimyakimya. Si kwa wizi, haki ya Mungu. Sifa tu zilimponza. Mtu akipoteza rimoti yake, gari likipiga kelele mtaa mzima ukiziba masikio, anaitwa Mudathir. Anatia mkono mfukoni, anabonyeza, kimya. "Fundi huyu ana mkono wa baraka!" watu husema, naye anachekelea. Sasa mkono huo uko kwa nani? Nani anapita kwenye magari ya watu akibonyeza?

Nyamaza, nani atajua? moyo ukamwambia. Chausiku akamwambia lingine: "Mficha uchi hazai. Nenda kaseme kabla watu hawajaibiwa."

Akaenda. Wa kwanza alikuwa Mwinshehe, mwenye pikapu ya kubebea nyama kutoka machinjio ya Vingunguti.

"Yaani miezi yote hii unatembea na ufunguo wa gari langu, mie nakuita braza!" Akamkaba kola.

Mudathir akajinasua, akaomba ufunguo. Alijikunja chini ya dashibodi, akafuta rimoti zote, akaifundisha upya ya Mwinshehe peke yake. Akatoka hapo hadi Keko, akarudi Tandika, kesho yake Mbagala, suruali imelowa hadi magotini. Walimtukana, mmoja hata mlango wa gari alimfungulia kwa shingo upande. Kila alipofuta moja alipata nafuu kidogo, halafu akikumbuka yaliyobaki anaongeza mwendo.

Aliyemwacha mwisho ni Bi Bahiya, mwenye duka la vipuri barabara ya Kilwa. Hakumsahau, alimwogopa. Yule mama ndiye aliyempa wateja karibu wote. Neno lake moja tu, Mudathir angerudi kuziba pancha. Ijumaa baada ya alasiri akasimama mbele ya kaunta yake.

"Shikamoo, Bi Bahiya."

"Marahaba. Mbona umelowa hivyo?"

Akasema yote, macho chini, hata pale pa sifa hakuparuka. Bi Bahiya alimwacha amalize. Kisha akavuta droo, akaweka rimoti juu ya kaunta. Ile ile, yenye utepe wa bluu.

"Uliidondosha chini ya kiti changu Jumatatu. Nikabonyeza, langu likaitika, na pikapu ya Mwinshehe pale ng'ambo ikaitika. Nikasema ahaa, kumbe mkono wa baraka wenyewe ndio huu!"

"Sasa mbona hukuniambia, mama?"

"Na wewe mbona hukuniambia? Kesho ningeipeleka polisi, na jina lako juu."

Aibu ilimshika Mudathir mpaka masikio yakamwaka. Akatoa bisibisi. "Naomba ufunguo, nikafute na lako."

"Mengine umeyafuta?"

"Yote manane."

Bi Bahiya akaisukuma ile rimoti mpaka ikagusa vidole vya Mudathir. "Basi langu liache. Siku nikipoteza yangu nitamwita nani?"

Mudathir akairudisha bisibisi mfukoni. Akavuta kigoda cha wateja, akakaa kitako.